Naomba ushauri: neno la Kipolandi "załatwiłem" nilitafsirije kwa Kiingereza?

MgeniWroclaw: Wakuu, salaam. Ninafanya kazi ghalani hapa Wrocław, Polandi, na rafiki yangu ameniomba nimtafsirie ujumbe ambao msimamizi wetu, mama mmoja mkali, alimwandikia mwenzake kumhusu huyo rafiki yangu. Nimekwama kwenye neno "załatwiłem". Kamusi inataja "arrange", "settle", "get" na hata "finish off". Nichague lipi?

MzeeWaLodz: Kijana, asili yake ni "łatwy", yaani rahisi. Nilipokuwa nikijifunza Kipolandi mjini Łódź, nyama ilikuwa ikipatikana kwa kadi za mgao tangu 1981, na mtu aliyerudi nyumbani na kilo mbili hakusema ameinunua. Alisema ameifanyia hilo neno lako, yaani ameipata kwa kujuana na watu. Siku moja nilimwambia mama mwenye nyumba "muszę się załatwić", nikidhani namweleza kwamba nina shughuli za kukamilisha, naye akanionyesha choo kilipo. Kumbe ni kama "kujisaidia" kwetu.

BiMkalimani: Shikamoo mzee, lakini hatujaona sentensi. "Załatwiłem mu" ni kumfanyia mtu jambo, na "załatwiłem go" ni kumkomesha yeye mwenyewe. Kipolandi hutenganisha kwa kiwakilishi kile tunachotenganisha sisi kwa kitenzi: aliyemlia mtu wali wake hajamla mtu. Lete sentensi nzima.

MgeniWroclaw: Ni "Załatwiłem mu to". Mimi niliandika "I finished him", kwa sababu rafiki yangu aliachishwa kazi siku mbili baadaye, na barua ya malalamiko yenye tafsiri hiyo imekwisha kufika makao makuu ya kampuni, Uingereza. Sidhani kama nimekosea, kwa kuwa matokeo yanaonyesha nia.

Mnasihi: Ndugu yangu, kumbe hukuja kuuliza, umekuja kutafuta wa kukuunga mkono. Kumshuhudia mtu uongo ni dhambi hata kama mtu huyo ni mkali.

BiMkalimani: Ingekuwa "nimemshughulikia" ya Kiswahili ningekuelewa, maana hiyo hubeba wema na kipigo kwa pamoja. Hapa pana "mu to", kwa hiyo ni "I sorted it out for him". Inawezekana aliandika kwa kejeli, ila kejeli hiyo mwachie msomaji aione mwenyewe. Isitoshe, Polandi ina sheria ya tarehe 25 Novemba 2004 kuhusu watafsiri walioapishwa, na orodha yao iko Wizara ya Sheria. Mtafute mmoja, kisha uandike barua ya kusahihisha.

Mdadisi: Samahani, uzi huu umetungwa. Umesema msimamizi ni mama, na mwanamke huandika "załatwiłam". "Załatwiłem" ni kauli ya mwanamume.

MgeniWroclaw: Sijatunga chochote. Huenda alikosea herufi.

Mdadisi: Mpolandi akosee jinsia yake mwenyewe? Ujumbe huo uliuona kwenye simu ya nani?

MgeniWroclaw: Sikuuona kwenye simu. Rafiki yangu alinitumia maneno hayo akiwa ameyaandika upya.

MzeeWaLodz: Na Kipolandi anakijua?

MgeniWroclaw: Anajifunza.

MzeeWaLodz: Basi kijana, kwenye sentensi hii "go" huenda ni wewe.