Paka wawili, Lamu hadi Nairobi, joto la Februari

Bi_Langoni: Assalaam alaykum wenzangu. Paka wawili wakubwa watahama mwezi ujao: boti hadi Mokowe, kisha gari dogo kupitia Garsen, Malindi na Mombasa. Kiyoyozi cha gari ni kibovu. Tundu liweje, na je, dawa ya usingizi inafaa?

Tabibu_wa_Mifugo: Waalaykum salaam dada. Dawa ya usingizi usithubutu. Inashusha msukumo wa damu na kuuzuia mwili kujipoza, tena hutajua kama paka kalala au kazimia. Paka hutoka jasho nyayoni tu. Hujipoza kwa kulamba manyoya ili mate yakauke, na kwa unyevu wa huku kwetu mate hayakauki upesi. Kwa hiyo kila kitu kitegemee upepo.

Kila paka na tundu lake, hata kama hulala pamoja, maana wakiogopa hupigana. Liwe la plastiki ngumu, lenye matundu ya hewa pande tatu au zaidi, na paka aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Mlango uongezee kamba: paka akiponyoka gatini, hakamatiki.

Wengi hufunika tundu kwa taulo mbichi. Hapo hewa imezibwa, na ndani panageuka chungu cha mvuke. Gandisha chupa za nusu lita, moja uifunge kwa kanga uiweke pembe moja tu, ili paka akihisi baridi asogee. Za akiba ziwe kwenye kasha la barafu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa, ikiwa ni ya kwanza, ichomwe angalau siku 21 kabla, na cheti usafiri nacho.

Dereva_wa_Garsen: Vukeni mapema. Kutoka Mokowe kuja Malindi jua la asubuhi hupiga ubavu wa kushoto, basi matundu yakae kiti cha nyuma, kulia, yamefungwa mkanda. Buti hapana. Laleni Mombasa, muondoke saa kumi alfajiri ili Voi na Mtito Andei mzipite kabla ya jua kali.

Mkisimama kula, mtu mmoja abaki na paka nje, kivulini. Nje kukiwa nyuzi 30, gari lililofungwa hufika kama 40 kwa dakika kumi, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii kitu.

Chakula cha mwisho kiwe saa tano kabla ya safari, la sivyo watatapika. Maji wapewe kwenye kibakuli kila baada ya saa mbili, gari likiwa limesimama.

Bi_Langoni: Ahsanteni sana. Na akianza kutweta?

Tabibu_wa_Mifugo: Mbwa kutweta ni kawaida yake, paka akitweta mdomo wazi, simamisha gari. Mpeleke kivulini, umloweshe tumbo, makwapa na nyayo kwa maji ya kawaida, kisha umpepee. Barafu usimpake: mishipa ya ngozi hujibana, joto likabaki ndani. Usimmiminie maji mdomoni, yataingia mapafuni.

Chukua kipima joto cha njia ya haja kubwa. Kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2, ikipita 40 ni hatari. Ikishuka hadi 39.5 acha kumlowesha, asije akapoa kupita kiasi. Akiinuka na kutembea, bado mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, kwani figo huweza kuharibika na dalili zikachelewa siku kadhaa. Na Panadol msimpe hata kipande; kidonge kimoja chatosha kumuua paka.