Bachela ya pili kabla ya kuomba udaktari Marekani, ina maana?

Muulizaji: Wakuu, nina digrii ya uhasibu, GPA (wastani wa alama) 2.9, nataka kuomba shule ya udaktari hapa Marekani. Nawaza nianze digrii nyingine ya baiolojia ili ile GPA ya zamani ifutike, mnaonaje?

Jibu: Haifutiki mkuu. AMCAS, mfumo wa kutuma maombi ya shule za udaktari wa tiba, wanajumlisha kozi zote za andagradi (ngazi ya bachela), za zamani na mpya, kwa hiyo hata usome miaka minne mingine itapanda polepole tu. Chukua zile kozi za lazima, baiolojia, kemia, fizikia, piga A, afu komaa na MCAT, ule mtihani wa kuingilia shule ya udaktari. Digrii ya pili wala hawakudai.

Jibu: Na Pell Grant, ile ruzuku ya serikali ya Marekani kwa wanafunzi wenye uhitaji, kwa kawaida hupewi tena ukishakuwa na bachela, so ni mkopo au mfuko wako.

Muulizaji: Duh! Basi naanza na kemia.