Betri ina volti 12.6, fishifainda inasoma 11.6 na inazimika nikibonyeza redio

Nahodha_Kusini
Wakuu, salaam. Naomba msaada wa umeme wa boti. Ni boti ya faiba ya mita 8, injini ya kupachika yenye stata, betri moja ya volti 12 (Ah 70) iko tezi, yaani nyuma ya boti. Kutoka hapo hadi dashibodi waya unatembea kama mita 6, unene wa milimita 1.5 za mraba. Unalisha fishifainda (kifaa cha kutafutia samaki), GPS na redio ya mawasiliano ya VHF ya wati 25, vyote kwenye fyuzi moja ya ampea 10. Betri ni mpya. Nikiwasha vifaa na kupima juu ya betri napata 12.6, lakini fishifainda yenyewe inaonyesha 11.6, na nikibonyeza kitufe cha kuongea cha redio inazimika papo hapo. Kinachonishangaza: nikichomoa plagi zote na kupima ncha za waya pale dashibodi, mita inasoma 12.6 safi. Nibadilishe nyaya zote, au niongeze betri ya pili?

FundiUmemeBahari
Usinunue chochote kwanza, mkuu. Hiyo 12.6 ya plagi zilizochomolewa isikudanganye. Mita huvuta umeme kidogo mno, kwa hiyo hata waya uliobakiwa na uzi mmoja utaonyesha volti kamili. Volti hupotea umeme unapotembea. Pima vifaa vikiwa kazini.

Weka mita kwenye DC 20. Washa fishifainda na GPS. Ncha moja ya mita iguse kichwa chenyewe cha chanya cha betri (kile cha madini ya risasi), siyo kibanio cha waya kilichokishika, na nyingine iguse waya wa chanya nyuma ya fishifainda. Namba utakayoiona ndiyo volti inayopotelea upande wa chanya. Kisha fanya hivyo hivyo hasi kwa hasi. Utahitaji waya wa kurefushia mita. Wowote unafaa, hata mwembamba. Ukijumlisha namba mbili upate karibu volti 1, ile ile unayoikosa. Usipoipata, kuna mahali hujagusa vizuri.

Ukitaka mzigo mkubwa zaidi, funga balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 55 pale dashibodi. Inavuta kama ampea 4.5. Usiifanye redio kuwa kipimo kwa kuibonyeza hovyo, na hasa siyo kwenye chaneli 16, ambayo ni ya dharura.

Nahodha_Kusini
Nimepima. Chanya 0.2, hasi 0.8. Jumla 1.0 kamili.

Mvuvi_wa_Kina
Kuna vile vikifaa vya kupandisha volti, unafunga nyuma ya dashibodi, ikiingia 10 inatoka 12. Fishifainda haitazimika tena.

FundiUmemeBahari
Hapana, ndugu yangu, hapo unaficha ugonjwa. Kikifaa hicho kikipata volti pungufu huvuta ampea zaidi ili kufidia, na ampea hizo zinapita kwenye kiungo kile kile kibovu, ambacho kitazidi kupata moto. Vya bei rahisi pia hutia kelele kwenye redio.

Nahodha, tazama hesabu. Waya wa shaba wa 1.5 una ukinzani wa kama omu 0.012 kwa mita, kwa hiyo mita 6 ni 0.07. Fishifainda na GPS kwa pamoja huenda zinavuta ampea 1.5, hivyo kila upande ulipaswa kupoteza 0.1 tu. Chanya ina fyuzi na swichi, 0.2 inaeleweka. Hasi haina kitu njiani, na bado inakula 0.8. Kuna kiungo kimeoza. Acha ncha moja kwenye kichwa cha hasi, nyingine isogeze kiungo baada ya kiungo kuelekea dashibodi: kibanio, skrubu, bamba la hasi zote. Pale namba inaporuka ghafla ndipo penye ugonjwa. Anza na pale hasi ya pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayokusanyika chini ya boti) inapoungana na hizo nyingine, maana huko chini ndiko maji ya chumvi yanakokaa.

Nahodha_Kusini
Ni hapo hapo. Kibanio 0.02, baada ya kiungo cha pampu 0.7. Nimefungua tepu, nyuzi ni kijani na nyeusi.

Waya_na_Chumvi
Usisugue na kurudisha tepu. Toa kwanza waya wa hasi kwenye betri, kisha kata waya urudi nyuma hadi ukute shaba inayong'aa. Chumvi hupanda ndani ya ganda, wakati mwingine zaidi ya shibiri. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, huo ni alumini iliyopakwa shaba, utupe wote. Ukinzani wake ni kama mara 1.6 ya shaba na baharini huoza haraka. Bana kwa kiungio cha shaba na mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani, na kiungo kikae juu ya usawa wa ngama. Mafuta ya mgando yapake baada ya kukaza, siyo kabla.

Hata ukimaliza hapo, redio isirudi kwenye waya ule. Ikirusha kwa wati 25 inavuta kama ampea 6. Ukijumlisha na 1.5 za vingine, kwenye waya wa 1.5 kwenda na kurudi unapoteza volti 1 bila kiungo kibovu chochote. Ipe jozi yake ya milimita 4 za mraba moja kwa moja kutoka betri, fyuzi ya ampea 10 ndani ya shibiri moja kutoka kichwa cha chanya. Upotevu utashuka hadi 0.3.

Pampu nayo ipate hasi yake. Betri ya pili haikuhusu kwa tatizo hili. Ingekuwa na maana kama fishifainda inazimika unapopiga stata, na hata hapo kuiwasha baada ya injini kuwaka kunatosha.