Naomba ushauri: kidonge cha melatonini (homoni ya usingizi) cha miligramu 5 nakigawaje nipate 0.5?

Wakuu, habari. Kwa kurudisha nyuma saa ya usingizi (yaani usingizi uje mapema zaidi), miligramu 0.5 inatosha, ikimezwa masaa 4 hadi 5 kabla ya kulala. Ukizidisha, unaweza kuamka kichwa kizito. Kisu kinaishia robo, tena hazilingani. Je, nikikisaga, nikakoroga kwenye maji mililita 50 na kuvuta mililita 5 kwa bomba la sindano, kipimo kitakuwa sawa? Unga unatuama chini haraka, ndiyo shida. (Vya kuachia dawa polepole havisagwi, hilo najua.)

Magnesiamu, madini ninayotaka kujaribu pia kwa usingizi, nimeiweka kando wiki 2: ukianza vitu viwili pamoja, hujui kipi kimefanya kazi. Baadaye nichukue magnesiamu ya aina ya glisinati? Ya oksaidi huharisha kirahisi.