Kwa nini kozi ya utangulizi inatutaka tuandike HTML kwa mkono?

Mwanafunzi wa jioni

Salamu kwenu nyote. Nimejiunga na kozi ya utangulizi ya usanifu wa kurasa za wavuti katika chuo cha jamii, na ninasoma jioni kwa kuwa mchana niko kazini. Hii ni wiki ya nne, na bado hatujagusa programu yoyote ya kuburuta na kupanga vipande vya ukurasa kwa kipanya. Mwalimu anatutaka tuandike kila tagi (alama) ya HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, wenyewe katika kihariri cha kawaida cha maandishi, na CSS, inayopanga sura ya ukurasa, tuiweke katika faili lake la pekee. Sikatai kujifunza, ila muda wangu ni mchache, na ninajiuliza kama njia hii ingali na faida wakati zipo huduma zinazomtengenezea mtu tovuti nzima bila yeye kuandika mstari hata mmoja.

Mambo mawili yamenikwamisha. Ukurasa wangu ulionekana vizuri kwenye kompyuta yangu inayotumia Windows, lakini nilipoupakia kwenye seva ya chuo picha zote tatu zilitoweka. Kisha nimetengeneza visanduku viwili vyenye upana wa pikseli 300 kila kimoja ndani ya eneo la pikseli 600, nikavipanga kwa float (amri ya CSS ya kusogeza kitu upande mmoja), na kila kimoja nimekipa nafasi ya ndani ya pikseli 20 na mpaka wa pikseli 1. Havikubali kukaa ubavu kwa ubavu. Cha pili kinashuka chini. Naomba msaada wenu.

Fundi wa tovuti

Karibu sana, ndugu. Nianze na picha. Windows kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, lakini seva nyingi zinatumia Linux, ambayo inatofautisha. Kwa hiyo, ikiwa faili linaitwa Nyumba.JPG na wewe umeandika nyumba.jpg, kwako litafunguka na kwenye seva halitapatikana. Angalia pia kama njia ya picha haianzi na C: au file:, kwa sababu anwani ya namna hiyo inaelekeza kwenye diski ya kompyuta yako, na mgeni wa tovuti hana diski hiyo. Zoea kutumia herufi ndogo peke yake, bila nafasi katikati ya jina, na andika njia inayoanzia pale ukurasa ulipo. Ukibonyeza F12 katika kivinjari na kufungua sehemu ya mtandao, kila faili lililokosekana utaliona likiwa na namba 404, yaani halikupatikana.

Kuhusu visanduku, CSS inahesabu upana ulioutaja kuwa ni wa yaliyomo tu, kisha inaongeza nafasi ya ndani na mpaka wa pande zote mbili: 300 na 40 na 2, jumla 342. Viwili vinafika 684, navyo haviwezi kuenea katika 600. Andika box-sizing: border-box, na upana wa 300 utajumuisha vyote. Nimeieleza hesabu hii kwa urefu kwa sababu ndiyo jibu la swali lako kubwa: programu ya kuburuta ingekuficha hesabu hiyo, na siku mambo yatakapoharibika usingejua pa kuanzia kutafuta.

Mwalimu wa somo hili kwingineko

Ningependa kuongeza sababu ambayo naiona nzito zaidi. Tim Berners-Lee alipobuni HTML akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, ambako tovuti ya kwanza ilipatikana kwa umma mwaka 1991, lugha hiyo ilikusudiwa kueleza muundo wa waraka: hiki ni kichwa, hii ni aya, hiki ni kiungo. Sura iliachiwa CSS, ambayo W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, iliiidhinisha mwaka 1996. Kwa miaka mingi wasanifu walichanganya mambo hayo mawili, wakapanga kurasa nzima kwa majedwali, na mwanafunzi anayeanza na programu ya kuburuta hurudia kosa lilelile bila kujua, kwa kuwa anachokiona ni sura peke yake.

Wanaoumia ni wasomaji. Mtu asiyeona anayetumia kisoma skrini, programu inayosoma ukurasa kwa sauti, huruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine, na ikiwa vichwa vyako ni aya zilizonenepeshwa tu, kwake ukurasa hauna vichwa. Kitufe kilichotengenezwa kwa div tupu, yaani tagi ya kisanduku kisicho na maana maalumu, hakifikiwi kwa kibodi. Fomu zisizo na lebo ndizo zinazonisikitisha kuliko yote, maana mtu anaambiwa ajaze nafasi ambayo hajui ni ya nini. Maandishi ya kawaida nayo yanahitaji utofauti wa rangi usiopungua 4.5 kwa 1 dhidi ya mandharinyuma yake, kwa mujibu wa kiwango cha kati cha WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu. Jaribu hili leo: ondoa kiungo cha faili la CSS, usome ukurasa ulivyobaki, kisha uupitie wote kwa kitufe cha Tab bila kugusa kipanya.

Msanifu wa kujitegemea

Nakubaliana na Mwalimu juu ya muundo, lakini sioni sababu ya kozi kukaa muda mrefu kwenye float. Tangu mwaka 2017 vivinjari vikuu vinaielewa grid, njia mpya ya CSS ya kupanga ukurasa, na flexbox, njia nyingine ya aina hiyo, ilitangulia. Mpangilio wa visanduku viwili ni kazi ya mistari miwili au mitatu. Mwulize mwalimu wako kwa adabu ni lini mtafika huko. Programu za kuburuta sizidharau, kwani nilianza nazo mimi mwenyewe, ila mteja wangu wa kwanza alipotaka menyu ikunjike kwenye simu nilikwama siku tatu, na hatimaye nililazimika kurudi kujifunza yale ambayo wewe unafundishwa sasa.

Mwanafunzi wa jioni

Nawashukuru sana. Picha mbili zilikuwa na mwisho wa JPG kwa herufi kubwa, na ya tatu njia yake ilianza na C: kama mlivyokisia. Visanduku vimekaa sawa. Nilipoondoa CSS niligundua kuwa kichwa kikuu nilikiandika kwa h4, tagi ya kichwa cha ngazi ya nne, kwa sababu tu nilipenda ukubwa wake, na sasa nimekirudisha kuwa h1 na ukubwa nimeupanga katika CSS. Bado nina fomu ya mawasiliano yenye nafasi nne za kujaza, na hakuna hata moja yenye lebo; hiyo ndiyo kazi yangu ya usiku wa leo.