Gemu ndo ilinifundisha kusikiliza muziki wa kompyuta, nyie mlijifunzia wapi? Na wanaoandika habari za magemu mnawaamini?

Chikongola_Mtwara

Wadau wa kusini habari za mchana. Nna swali ila naomba nianzie mbali kidogo.

Nimekulia Chikongola hapa Mtwara mjini, jirani na kwetu kulikuwa na kibanda cha gemu, mabenchi mawili na tivi tatu za chogo. Vibanda mnavijua, sauti ya tivi inazimwa halafu mwenye kibanda anapiga bongo fleva kwenye redio yake, kwahiyo gemu unaicheza kwa macho tu. Sasa kuna kipindi redio ya pale iliungua ikakaa kwa fundi kama wiki mbili hivi, jamaa akaona kimya kimezidi akafungulia sauti za tivi. Mi siku hiyo nacheza WipEout 2097 kwenye PlayStation ya kwanza, zile ndege zinazokimbizana hazigusi chini, nikasikia kitu sijawahi kusikia maishani. Ngoma inakimbia, besi inakwaruza, hakuna anayeimba, na ukikata kona unaona kama muziki nao unakata kona na wewe. Nikaacha kushindana kabisa nikawa nazunguka tu ili nisikilize, hela yangu yote ikaishia hapo.

Baadae binamu yangu akaniambia ile CD ukiiweka kwenye redio ya kawaida inapiga. Tukaiazima usiku, tukaiweka. Namba moja ilitoa mlio mbaya sana maana humo ndo gemu yenyewe imekaa, tukaruka haraka namba mbili, muziki huu hapa! Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi anauliza redio imepatwa na nini. Mi nilikaa na ile redio mpaka betri zikaisha. Miaka mingi baadae ndo nikajua waliopiga ni akina Chemical Brothers, Future Sound of London na Prodigy, wote Waingereza, na gemu ilitoka 1996.

Swali langu la kwanza, nyie muziki huu uliwaingia kupitia wapi? La pili ndo linaniuma zaidi. Nikishajua kingereza kidogo nikaanza kusoma wahakiki wa magemu kwenye mtandao, nikitegemea nitakuta mtu anaeleza kile nilichosikia mimi. Sikuona. Ni picha, ni urefu wa gemu, ni pedi inavyoitika, halafu sauti mstari mmoja chini kabisa, "muziki mzuri", basi, wanampa alama wanaondoka. Sasa huyu mtu kweli alicheza na sauti? Na kama hakusikia mnamwamini kwenye nini kingine?

SpikaLindi

Kaka wa Chikongola umenifurahisha ila hapo kwenye "wote Waingereza" naomba nisogee kidogo, maana vijana wengi wanadhani muziki wa mashine ni wa wazungu sisi tumeazima.

House, muziki wa kudansi wa mashine, imezaliwa Chicago Marekani kwenye klabu inaitwa Warehouse, aliyekuwa anapiga pale ni Frankie Knuckles, mtu mweusi. Tekno, ndugu yake, ni Detroit, vijana watatu weusi waliosoma pamoja Belleville, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Waingereza waliupokea wakaupeleka mbali, na huko ndo gemu yako ikauchukua. Hata ile besi inayokwaruza unayoisema, kuna kamashine ka kampuni ya Roland kanaitwa TB-303, kalitoka Japani 1981, walikatengeneza kawe badala ya mpiga besi kwa wanamuziki wanaofanya mazoezi peke yao. Kakakosa soko, hakasikiki kama gita la besi hata kidogo, miaka mitatu tu wakaacha kukatengeneza. Vijana wa Chicago ndo wakakaokota kwa bei ya kutupa wakaanza kuvizungusha vile vinobu huku kanapiga, ikapatikana acid house. Yani muziki mzima umetokana na kitu ambacho wenyewe walishakiona hakifai.

Na sisi tuna singeli. Naomba mtu asinitenganishie singeli na muziki wa elektroniki. Imetoka uswahilini Dar, ndani yake kuna mchiriku na vile vikinanda vya Casio, vijana wakachukua vipande vya taarabu wakavizungusha kwenye kompyuta wakaongeza mwendo mpaka mapigo 200 kwa dakika, zingine zinakaribia 300. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikatoa mkusanyiko wa kazi za Sisso Studios, wazungu wakaanza kuwaita Ulaya kupiga.

Mi napiga mziki kwenye shughuli huku Lindi, Mitwero mpaka Mchinga. Kwenye unyago ngoma za asili zinatangulia, wazee wakichoka saa tisa hivi usiku spika zinapokea. Mwaka mmoja kuna mzee mpiga ngoma alikuja akaweka kiganja chake juu ya spika singeli inapiga, akakaa hivo muda mrefu kafumba macho, halafu akaniambia "huyu anapiga vizuri ila hapumui". Sijaisahau ile. Tangu siku hiyo kila baada ya nyimbo nne tano nakata kabisa, naacha makofi na vigelegele vya kina mama peke yake kama dakika nzima, ndo narudisha. Watu wanacheza zaidi, si kidogo. Kwahiyo mwalimu wangu mimi ni yule mzee, gemu sichezi.

KibandaMasasi

Mkuu mi nina kibanda Masasi mwaka wa tisa huu, nakujibu la pili.

Wahakiki niliwaamini mpaka waliponitia hasara. Kuna gemu ya mpira, jina silitaji, nilisoma sehemu tatu zote wameimwagia sifa, msimu wa korosho ulikuwa mzuri watu wana hela, nikanunua CD yake nikaiagiza kutoka Dar. Inafika naiweka, inaniambia shusha kwanza mzigo wa gigabaiti zaidi ya arobaini ndo ucheze. Arobaini! Kwa bando la simu! Nilishusha usiku usiku kwa siku sita, umeme ukikatika naanza kuomba Mungu isirudi sifuri, na wateja wanakuja kila siku wanauliza mpya iko wapi. Hela ya bando ilikaribia hela ya CD yenyewe. Katika wale watatu hakuna hata mmoja aliyeandika hiyo habari, kwa sababu kwao intaneti ipo tu ukutani kama maji ya bomba.

Kwahiyo mi nachotaka kujua kwenye uhakiki ni vitu ambavyo hawaandiki. Inacheza bila mtandao? CD ina gemu nzima au ina kipande? Watu wawili wanaweza kucheza kwenye tivi moja? Hilo la mwisho kwangu ndo riziki, gemu ya mtu mmoja kibandani inanikalisha njaa. PlayStation 2 imetoka mwaka 2000 na bado ninayo moja inafanya kazi, inaniingizia hela, hakuna wa kuandika kwa nini.

Na kweli sauti huwa nazima. Sijawahi kufikiria hilo mpaka leo nasoma hapa.

Mwanachuo_Ligula

Niongezee hapo kwa KibandaMasasi maana hii mada naifuatilia sana, natamani siku moja niwe mwandishi wa magemu.

Shida mnayoisema ina mizizi, ni hela ya matangazo. Mwaka 2007 mhakiki wa tovuti ya magemu ya GameSpot anaitwa Jeff Gerstmann aliipa Kane & Lynch alama 6 huku tovuti yake imejaa matangazo ya gemu hiyohiyo, akafukuzwa kazi. Mpaka 2012 ndo ikawekwa wazi kwamba wauza gemu walikasirika na mabosi wakamtoa. Yeye akaenda kuanzisha tovuti yake, Giant Bomb, na wenzake wakamfuata. Halafu angalia Cyberpunk 2077, Desemba 2020, wahakiki walipewa ya kompyuta peke yake kabla haijatoka na wakakatazwa kuonyesha picha walizorekodi wenyewe. Alama zikaja juu. Ilipofika kwa watu wenye PlayStation 4 ikawa haichezeki, Sony wenye PlayStation wakaitoa dukani kwao ndani ya siku chache na kurudishia watu hela. Mwandishi anaandika alichoonyeshwa, msomaji ananunua kitu kingine.

Na alama zenyewe zinaumiza hadi waliotengeneza. Fallout: New Vegas ya 2010, kampuni iliyoitengeneza ingepata bonasi kama Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na kutoa wastani, ingesoma 85. Ikasoma 84. Alama moja, jasho la watu wote wale.

Ila naomba tusiwatupie lawama waandishi wote, wengi wanaipenda hii kazi na inawafia mikononi. Jarida la magemu la Game Informer lilikuwepo toka 1991, Agosti 2024 wakaifunga siku moja na tovuti nzima ikazimwa, kazi ya miaka 33 ukibofya hakuna kitu. Nilikaa kitandani naangalia ile kurasa tupu kwa kweli nililia. Mwaka uliofuata ilifufuliwa na kumbukumbu zikarudi, lakini ile hofu imebaki, sahivi makala nayoipenda naihifadhi kwenye flashi.

Hata mimi yamenikuta. Nilianza kurekodi uhakiki wa gemu za simu kwa kiswahili, watazamaji wachache tu, akanitafuta mtu wa gemu moja ya kubashiri akaniambia atanilipa elfu hamsini niseme nimeshinda. Sikuwahi kushinda, hata sikuwa nimeicheza. Elfu hamsini kwa mwanafunzi ni chakula cha wiki mbili na zaidi. Nilikataa, na sijutii, ila nilielewa siku hiyo yule wa ng'ambo anavyobanwa.

Muziki, mimi ni amapiano. Mapigo 110 na kitu, ile logi dramu, besi yake, inavyoanguka kwenye kifua taratibu. Singeli nikisoma nayo kichwa kinauma, dada SpikaLindi unisamehe.

SpikaLindi

Nimekusamehe mdogo wangu, amapiano naipiga pia, hasa mwanzo watu wakiwa bado wamekaa. Na kwa hiyo elfu hamsini Mungu akuzidishie.

Chikongola_Mtwara

Nimesoma yote mara mbili. Dada nimekubali sahihisho, nilisema Waingereza kwa sababu majina ndo niliyokuta, sikujua njia ilikopita. Na maneno ya yule mzee nimeyaandika kwenye daftari. Nimerudi kusikiliza zile nyimbo za WipEout leo asubuhi na headifoni nikiwa na hilo la kupumua kichwani, na kweli kwenye wimbo wa We Have Explosive kuna sehemu inakata kila kitu inabaki kipande kidogo tu, halafu inarudi yote kwa pamoja. Pale ndo nilikuwa naacha kushindana. Miaka yote sikuwa najua kwa nini ni pale.

Mwanachuo, tuandike. Kwa kiswahili, mimi na wewe. Wewe eleza gemu, mimi nieleze inavyosikika, na maswali yote ya KibandaMasasi yakae juu kabisa kabla ya kitu kingine, na kama gemu tumepewa bure tuseme tumepewa bure. Alama tusitoe. Tatizo mimi mashine sina, niliuza nikiwa nasomesha mdogo wangu.

Mwanachuo_Ligula

Niko tayari kaka. Hata kesho.

KibandaMasasi

Njooni Masasi wote wawili, nauli jitegemeeni, mashine nnazo nne na hela ya kucheza sitawadai. Ila iwe Jumatano asubuhi, wanafunzi wako shule na kibanda kitupu. Redio nitaizima, nataka na mimi nisikie.