Sahihi ni nzuri lakini GPG inanionya: niweke Linux Mint kwenye kompyuta za shule?

FundiKabwe: Wakuu, habari za jioni. Nina banda la ufundi wa kompyuta hapa Kabwe, Mbeya. Shule moja upande wa Tukuyu imenipa mashine 12 niziwekee Linux Mint, mfumo endeshi wa bure. Nimeshusha ISO (faili la kuwekea mfumo) usiku kucha, bando limeisha, nikakagua sahihi ya kidijitali ya watengenezaji kwa GPG, programu ya kuhakiki sahihi. Mstari wa kwanza unasema sahihi ni nzuri. Unaofuata unaonya kwamba hakuna kinachoonyesha ufunguo huu (wa kukagulia sahihi) ni wa mwenyewe. Ufunguo nimeutoa kwenye tovuti ileile ya ISO. Ni mashine za watoto, sitaki kuwapelekea virusi. Naombeni ushauri.

MnyaluIringa: Mkuu, usilipuuze hilo onyo. Chukulia umeletewa barua ina muhuri wa kijiji. Muhuri umegongwa vizuri, ila wewe hujawahi kuuona muhuri halisi wa kijiji hicho. Tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia tovuti ya haohao Mint, wakaelekeza kiungo cha toleo la 17.3 Cinnamon kwenye ISO yao yenye programu ya kudukua. Aliyeishika tovuti anaweza kubadili na ufunguo ulioandikwa pale.

DadaUyole: Kaka, kuna jambo watu wengi wanalisahau: Mint hawasaini ISO yenyewe, wanasaini faili la namba za SHA256, yaani namba inayokokotolewa kutoka kila ISO na hubadilika ISO ikibadilishwa. Piga hesabu ya SHA256 ya ISO yako uilinganishe na iliyomo humo, la sivyo hujakagua kitu. Kuhusu ufunguo, usiridhike na herufi nane za mwisho za alama yake ya utambulisho. Mwaka 2016 ulionekana ufunguo bandia wenye jina la Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, na nane za mwisho zilikuwa zilezile. Linganisha alama nzima, herufi 40, na mtu unayemjua aliyeuchukua ufunguo huo zamani, kwa mtandao mwingine.

FundiKabwe: Asanteni sana. Nimempigia mwalimu wangu wa chuo, yuko Mafinga, anatumia Mint miaka mingi. Kanisomea alama ya ufunguo, herufi nne nne. Fungu la sita simu ikakatika, tukaanza upya. Yote kumi yamelingana, na SHA256 pia. Ila onyo bado lipo?

DadaUyole: Litakuwepo mpaka utengeneze ufunguo wako, kisha uusaini huo wa Mint hapohapo kwenye mashine yako. GPG inangoja neno lako wewe kwamba ufunguo huo ni wa kweli.

FundiKabwe: Nimesaini, onyo limeondoka. Kesho asubuhi naanza na mashine ya kwanza.